Kilometa 175: Kumleta Mama kutoka Bukoba hadi Mwanza

Jumapili usiku, Pasiansi, Mwanza

Kesho alfajiri naenda Bukoba kumchukua Mama. Jicho lake la kulia limeingia ukungu tangu masika, na sasa la kushoto nalo limeanza. Daktari wa huko ameandika barua aletwe hospitali ya Bugando, na miadi ni Ijumaa saa mbili asubuhi. Nina siku nne za kumtoa Maruku, kijijini kwetu nje ya Bukoba, hadi hapa. Ana miaka 71, hajawahi kupanda ndege, na tangu mwaka 1996 ameapa kwamba meli hapandi tena.

Nimefungua daftari jipya kwa ajili ya safari hii. Nafundisha hisabati kidato cha nne, na kila mwaka nikifika mada ya dunia kama tufe huwa natumia viwanja viwili vya ndege, cha Mwanza na cha Bukoba, kwa sababu wanafunzi wangu wanazisikia ndege zikipita juu ya paa la darasa. Uwanja wa Mwanza uko latitudo nyuzi 2 dakika 27 kusini, longitudo nyuzi 32 dakika 56 mashariki. Wa Bukoba uko nyuzi 1 dakika 20 kusini, nyuzi 31 dakika 49 mashariki. Ukitoa unapata dakika 67 kwenda kaskazini na dakika 67 kwenda magharibi. Zinalingana. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikarudia hesabu mara tatu.

Kila dakika ni maili moja ya bahari, yaani kilometa 1.852, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, longitudo nayo inakaribia kipimo hicho hicho. Zidisha 67 kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata maili 95 kasoro kidogo. Kilometa 175. Ni mstari unaoelekea kaskazini-magharibi bila kupinda, na karibu wote uko juu ya maji.

Ndege ya pangaboi kama ATR ikishatulia angani hukata kilometa 500 hivi kwa saa. Kwa hesabu ya ubaoni hiyo ni dakika 21. Ratiba huandika 40 au 45. Wanafunzi huuliza dakika nyingine zinakwenda wapi, na kwa miaka mingi nilikuwa nawajibu kwa haraka haraka ili tuendelee na mada. Safari hii nitapima kila kitu, tangu mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Kwenda nitapanda basi, kurudi tutapanda ndege.

Jumatatu, barabarani

Saa 10:45 alfajiri nimefunga mlango. Bodaboda hadi barabara kuu, kisha teksi hadi stendi ya Nyegezi. Dereva ni Msukuma wa makamo, akanisalimu "Mwangaluka," nikamwitikia vivyo hivyo, na baada ya hapo hatukusema tena hadi stendi. Basi lilitoka saa 12:05.

Usagara, kisha Kigongo. Hapa niliweka kalamu chini.

Machi 2017 kaka alinipigia saa tisa usiku. Baba amefariki. Sisi ni Waislamu, maiti hacheleweshwi, na kaka aliniuliza swali moja tu: "Utafika saa ngapi?" Nikamjibu kama mwalimu wa hisabati. Nilimwambia kuna ndege ya asubuhi, ni dakika arobaini, saa nne nitakuwa nyumbani. Wakapanga mazishi baada ya Adhuhuri, wanisubiri kwa nafasi ya kutosha.

Ndege iliruka kwa wakati. Ilifika juu ya Bukoba. Nilikaa dirishani na kwa sekunde chache wingu lilifunguka nikaona kisiwa cha Musira na mawimbi meupe kuzunguka mwamba wake, halafu likafunga. Tulizunguka mara mbili. Rubani akatangaza kwamba haoni uwanja na tunarudi Mwanza. Saa nne, wakati niliosema nitakuwa nyumbani, nilikuwa nimesimama tena nje ya uwanja niliotokea, na mabasi yote yalishaondoka tangu alfajiri. Nikapata gari dogo la kuchangia na watu wanne. Tukafika hapa Kigongo tukakuta foleni ya magari hadi juu mlimani, kivuko kiko upande wa Busisi. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe kando ya barabara kaka alipopiga: wamesogeza hadi Alasiri, zaidi ya hapo shehe anasema haifai. Nikamwambia wazikeni. Nilifika Maruku saa nne usiku, udongo bado mbichi.

Simlaumu rubani. Alifanya lililo sawa, na nimezidi kulielewa hilo kila mwaka unaopita. Kosa lilikuwa langu, la kumpa kaka dakika za angani kana kwamba ndizo muda wa safari.

Leo hakuna foleni. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilometa 3, na basi letu lilipita juu ya maji yale yale kwa dakika nne. Nimezipima. Abiria wengi walikuwa wamelala. Mama mmoja jirani yangu aliamka katikati, akatazama nje, akasema "Alhamdulillah" taratibu, akalala tena. Nadhani naye ana ya kwake na Kigongo.

Sengerema, Geita, Katoro yenye pikipiki zake, Buseresere. Chato, ambako kuna uwanja mwingine wa ndege tena mkubwa, lakini hauwezi kumsaidia mtu wa Maruku. Barabara inazunguka ziwa kwa upande wa kusini kama mtu anayetembea pembezoni mwa shamba asikanyage mazao, ndiyo maana kilometa 175 za hewani zinageuka zaidi ya 400 za lami. Muganza, Kyamyorwa, halafu Muleba, na hapo hewa inabadilika. Migomba inaanza kusogea hadi ukingoni mwa barabara. Nikaagiza mfuko wa senene dirishani, wamekaangwa na bado wa moto. Ni msimu wao.

Bukoba mjini saa 7:50 mchana. Haisi ya Maruku ilisubiri ijae kwa karibu saa nzima. Mlangoni kwa Mama saa 9:20 alasiri.

Kwa hiyo basi: saa 10 na dakika 35, mlango hadi mlango. Mgongo unauma, na mimi nina miaka 44 na macho mazima.

Jumanne, Maruku

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Sogea hapa kwenye mwanga nikuone."

Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama kwa pembeni, maana katikati haoni vizuri. Hilo lilinitosha kujua kwamba barua ya daktari haikutiwa chumvi.

Siku nzima tumekaa barazani akimenya ndizi kwa kupapasa, haraka kuliko mimi ninayeona. Dada alikuja na watoto. Habari ya usafiri niliitoa mchana baada ya kula.

Meli alikataa kabla sijamaliza kuitaja. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikitoka hapa kwenda Mwanza, imebakiza kidogo tu kufika, ikaondoka na mamia ya watu. Mdogo wake Mama alikuwa humo. Alikuwa anapeleka kahawa na kitambaa cha harusi. Hakupatikana. Ule mnara wa kumbukumbu pale Igoma nimempitisha mara moja tu, alipokuja kwangu kwa basi miaka ya nyuma, na alishuka akasimama kimya nusu saa. Nilikuwa kijana wakati ule wa ajali na nakumbuka redio ikisoma majina, watu wa kijiji kizima wamesimama kwenye kiambaza chetu.

Basi? "Saa kumi, na jicho hili, na choo kimoja njiani?" Alitikisa kichwa.

Ikabaki ndege. Hapo alinyamaza muda mrefu, akaendelea kumenya. Halafu akasema, "Ile ya Jumapili ile iliangukia majini nayo."

Ni kweli. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa inatua Bukoba asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya, iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Hapa Kagera hakuna nyumba isiyoijua habari hiyo. Sikutafuta maneno ya kuipunguza. Nilimwambia Mama ninachokijua: kwamba mwaka 2017 ndege yangu ilikataa kutua kwa sababu ya wingu kama hilo, na nililia kwa hasira, na huenda kukataa kule ndiko kulikonifanya niwe hapa leo nikila ndizi zake.

"Kwa hiyo kama anga ni baya wataghairi?"

"Ndiyo Mama. Tutakaa tusubiri."

"Kusubiri nakuweza," akasema.

Dada alianza kumfungia mizigo jioni hiyo hiyo kabla hajabadili mawazo.

Jumatano, Bukoba mjini

Nimeshuka mjini peke yangu kukata tiketi mbili za kesho saa 5:10 asubuhi. Nililipa kwa simu, nikaomba viti vya dirishani upande wa kulia kama vipo. Halafu nikatembea hadi uwanjani kuutazama kwa utulivu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, maana siku zote nimepita pale nikiwa na haraka.

Ni uwanja uliobanwa. Upande mmoja ziwa, upande mwingine mji, na nyuma ya mji milima inapanda ghafla. Njia ya kurukia inaanzia karibu na maji kiasi kwamba ukisimama nje ya uzio unasikia mawimbi. Habari za kujenga uwanja mpya huko Omukajunguti tumezisikia miaka mingi, na mimi ni mmoja wa wanaotamani waamue, wajenge, huko au kwingine. Mkoa huu una watu wengi walio mbali na nyumbani ambao huitwa ghafla.

Nikateremka hadi mwalo wa Nyamukazi. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanaanika, na mzee mmoja anayeshona nyavu alinikaribisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimuuliza kwa nini anga la Bukoba huwa baya asubuhi. Hakushangaa swali.

"Radi za ziwani ni za usiku," alisema. "Sisi tunaziona kule katikati kuanzia saa sita, saba. Zinawaka huko huko. Zikikaribia alfajiri zinakuja huku. Wewe ukitaka kusafiri, safiri jua likishakula wingu."

Maelezo yake yanalingana kabisa na jiografia tuliyosoma. Usiku nchi kavu inapoa upesi, lakini maji ya ziwa yanabaki na joto la mchana. Upepo wa ubaridi unateremka kutoka pande zote za mwambao, unakutana katikati ya ziwa, na hewa yenye joto na unyevu inasukumwa juu. Hapo mawingu makubwa yanazaliwa. Kisha upepo wa kawaida wa eneo hili, unaotoka mashariki, unayasukuma magharibi, na magharibi ndiko tuliko sisi. Ndiyo maana Bukoba inapata mvua karibu mara mbili ya Mwanza, ingawa zote mbili zinakunywa ziwa moja. Ndiyo maana pia migomba yetu haijui kiangazi kirefu. Mvua ile ile inayolisha Maruku ndiyo iliyonikosesha mazishi ya Baba. Nilikaa na wazo hilo kwenye ile ndoo hadi mzee akamaliza wavu wake.

Nimerudi Maruku na mkate na betri za tochi. Usiku huu, kuanzia saa saba, naona mwanga ukimeta upande wa ziwa. Bado hakuna sauti.

Alhamisi, angani

Radi ilifika saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilipiga bati hadi tukashindwa kusikia adhana.

Ilipofika saa 2:00 asubuhi ilikuwa imebaki manyunyu. Tulitoka. Mama amevaa kanga mbili mpya na koti la Baba, tasbihi mkononi. Gari la jirani lilitufikisha uwanjani saa 2:50. Mizani ilisema mizigo yetu ni kilo 31 badala ya 23 kwa yule aliyekuwa na begi, lakini tulikuwa wawili, dada wa kaunta akazigawanya kwa tiketi mbili na mkungu wa ndizi ukapita. Mama alikuwa amejiandaa kuutetea.

Saa 4:30 hakuna ndege. Wingu limelala juu ya milima kama blanketi lililolowa na Musira haionekani kabisa. Saa 5:10, muda wetu, ukapita. Saa 5:40 tulisikia mlio juu ya mawingu. Watu wote wakainua vichwa. Mlio ulizunguka, ukaenda upande wa ziwa, ukarudi, kisha ukafifia kuelekea kusini-mashariki.

Niliujua mlio huo. Mikono yangu ilianza kutetemeka nikaificha chini ya begi.

"Imekwenda?" Mama akauliza.

"Imerudi Mwanza."

"Vizuri," akasema. "Ina akili."

Tangazo likafuata: ndege imekwenda kusubiri Mwanza, hali ya hewa ikitulia itarudi. Kijana mmoja aliyevaa suti alianza kumfokea mhudumu kwamba ana kikao. Mhudumu alimsikiliza hadi mwisho kwa upole, akamletea kiti. Nilitamani kumwambia kijana yule habari ya Kigongo, lakini nilimwona anampigia mtu simu kwa sauti inayokatika, nikaelewa kwamba huenda kikao si kikao.

Tukanywa chai ya chupa ya Mama. Tukala senene. Nikahesabu: kama tungepanda basi la alfajiri, saa hizi tungekuwa bado njiani na Mama anatafuta choo. Saa 6:30 wingu likaanza kupanda. Kwanza ukaonekana ufuo, kisha mitumbwi, kisha Musira yote na jabali lake. Jua lilikuwa linakula wingu kama mzee wa Nyamukazi alivyosema. Saa 7:50 ndege ikatua, na hata wale waliokuwa wanalalamika walisimama kimya kuitazama inavyoshuka.

Saa 8:20 tulipanda. Mama alihesabu ngazi kwa mguu. Nilimfunga mkanda, akaniuliza kama utamzuia kuswali, nikamwambia anaweza kuswali amekaa. Alishasema Bismillah mara nyingi hata sikuzihesabu.

Saa 8:41 magurudumu yaliachana na ardhi. Hapa ndipo daftari langu lilipopata majibu ya wanafunzi, kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuja.

Tuliruka kuelekea ziwani, halafu tukapinda kulia taratibu kutafuta mwelekeo wa Mwanza. Kupinda huko si sehemu ya kilometa 175. Kisha tulipanda, na ndege inayopanda haiendi mbele kwa kasi ile ya kilometa 500. Nguvu nyingi inazitumia kwenda juu. Hapo tayari dakika tano sita zimepita na hesabu ya ubaoni haijaanza. Kisiwa cha Bumbire kilipita upande wetu wa kulia, kijani na mapaa ya bati yaking'aa.

Baada ya Bumbire, maji matupu. Mama alikuwa ameegemea dirisha. Mwanga mkali anauona, umbo kubwa analiona.

"Nchi kavu iko wapi?"

"Hakuna kwa sasa. Ni ziwa tu."

"Lote hili?"

Masikio yalimziba, nikampa peremende. Hapa katikati ndipo ndege iliruka kwa kasi yake yote, na ilidumu kama dakika kumi na mbili. Mhudumu alifanikiwa kugawa maji, akageuka na kuanza kukusanya chupa. Saa 8:59 mlio wa injini ulipungua na nikahisi tumboni kwamba tunashuka. Yaani tuliposhamaliza kupanda na kutulia kidogo, ilikuwa tayari wakati wa kushuka. Kwenye safari ndefu, ya Dar es Salaam kwa mfano, kupanda na kushuka kunamezwa na saa nzima ya mwendo wa kasi. Kwenye safari fupi kama hii, kupanda na kushuka ndiyo safari.

Kome ikatokea kulia. Kupitia madirisha ya upande wa pili niliona ardhi ya Ukerewe, ndefu na ya bluu. Nikamweleza Mama kila nilichokiona, akawa anarudia majina kwa sauti ya chini. Halafu akanyamaza, akaniuliza bila kugeuka:

"Ni hapa?"

Sikuhitaji kuuliza anachosema.

"Ni karibu na hapa, Mama."

Akaweka kiganja kwenye kioo. Alisoma Fatiha yote, kisha akataja jina la mdogo wake na jina la baba yao, kama anavyotajwa mtu akiombewa kaburini. Hana kaburi lake popote pa kusomea. Miaka ishirini na tisa, na hii ndiyo mara ya kwanza Mama kuwa juu ya maji hayo. Nilifunga daftari. Kuanzia hapo hadi kutua sina dakika nilizoandika isipokuwa moja.

Saa 9:13 magurudumu yaligusa Mwanza. Dakika 32 angani.

Mizigo ilitoka upesi. Saa 9:35 tulikuwa nje, na kwa sababu Pasiansi iko njiani kabla ya kufika mjini, saa 9:55 nilimfungulia Mama mlango wa nyumba yangu.

Hesabu ya usiku huu. Tangu kufunga mlango wa Maruku hadi kufungua huu: saa 7 na dakika 55. Kati ya hizo, kuchelewa kulikotokana na wingu ni saa 3 na dakika 31. Anga lingekuwa safi, tungetumia saa 4 na dakika 24. Na kati ya hizo saa nne na ushei, dakika 32 tu ndizo za kuruka. Zilizobaki ni barabara ya Maruku, mizani, kusubiri, kupanda, mikanda, mizigo, teksi.

Hata kwa wingu lile, Mama aliokoa saa mbili na dakika arobaini kuliko basi, na zile za kusubiri alizikalia kwenye kiti, na choo kilikuwa hatua kumi kutoka alipokaa. Kwa mwili wa miaka 71 hiyo ni tofauti kubwa kuliko dakika zenyewe. Amelala sasa. Koti la Baba ameliweka chini ya mto.

Ijumaa, Bugando

Tulikuwa kwenye benchi saa 1:40 asubuhi. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari amesema la kulia litafanyiwa upasuaji kwanza, Januari. Alimweleza Mama mwenyewe, si mimi, na alimweleza polepole. Mama alimuuliza kama ataweza kuona visiwa. Daktari hakuelewa, akajibu kwamba ataona hata sindano na uzi.

Kwenye daladala ya kurudi, Mama alipanga safari ya kwenda nyumbani. Ndege, lakini ya mchana, si ya asubuhi, kwa sababu asubuhi ni ya radi. Upande wa kushoto safari hii, maana tutakuwa tumegeuka na visiwa vitahamia huko. Nimehakikisha kwenye ramani, na yuko sahihi.

Jioni kaka alipiga kutoka Maruku. Alitaka kujua hali ya macho, kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyoniuliza mwaka 2017, kama siku hizi mtu akiitwa kutoka Mwanza atafika baada ya muda gani. Mjomba wetu ni mzee sana na hali yake si nzuri.

Nilimsomea kutoka daftarini. Ndege ikiwepo siku hiyo na anga likiwa safi, saa nne na nusu. Wingu likiwepo, saa nane, au ndege isitue kabisa. Basi la alfajiri, saa kumi na nusu, na sasa kuna daraja. Gari la kukodi wakati wowote, hata usiku, linapita.

"Kwa hiyo tukikupigia tuseme saa ngapi?"

"Nikiwa napanda ndege, msiseme chochote hadi niwapigie nikiwa nimeshuka. Nikiwa na gari, hesabuni saa kumi."

Nilisikia akiandika.